Sahani ya Heshima

Ukitaka kumjua Tupokigwe, mpe jina asilolijua. Atalishika, atalizungusha mdomoni, atauliza nani alilitoa na kwa nini likawa hilo na si jingine. Watu wengine wakifika kazini siku ya kwanza huuliza mshahara na chai. Yeye aliuliza majina. Kwa hiyo alipoingia mafunzo ya kupima maziwa pale Uyole, mwaka sabini na sita, watu wa maabara walipata taabu ambayo hawakuiomba.

Vyombo vya kupimia maziwa vina majina magumu, na ubaya zaidi, kila mkubwa alikuja na ulimi wake. Ile chupa yenye shingo nyembamba ya kusomea mafuta, mwalimu Sedekia aliiita butiromita, polepole, kama mtu anayehesabu mayai. Mzungu aliyetoka nchi za baridi kusaidia mafunzo aliliita jina hilo kama anasukutua. Fundi wa Kihindi kutoka Mbeya mjini, aliyekuja kutengeneza mashine ya kuzungushia hizo chupa, alilitamka mbio hata ukabaki unashika mkia wake tu. Na kile kipimo chenyewe, kwa kuwa kimepewa jina la mtu, mmoja alisema Gerba, wa pili Geerbeer, wa tatu Jarbar. Wanafunzi wengine walichagua moja wakatulia nalo. Tupokigwe alinyoosha mkono.

"Mwalimu, lipi ndilo?"

Sedekia alikuwa Msafwa mpole, mwenye mazoea ya kufuta miwani akitafuta jibu. Akaifuta, akaivaa, akaifuta tena.

"Jina la mtu hutamkwa kama mama yake alivyomwita," alisema mwishowe. "Sisi wengine tunajaribu tu."

Jibu hilo lilimwingia. Tangu hapo, akiosha pipeti na bureti, ile mirija ya kioo ya kupimia, alijaribu kila jina kwa sauti ndogo, akiwawaza akina mama wa watu hao huko kwao, wakisimama mlangoni kuita watoto waje kula. Mwenzake wa mezani alikuwa Mbuke, binti wa Kisukuma ambaye wazazi wake walihamia mbuga za Usangu na ng'ombe wao. Mbuke alimcheka.

"Wewe Tupo, vyombo unaviita kama ndama. Iko siku vitakuja vyenyewe."

Alimcheka, lakini akishikwa na jina alimwuliza yeye kwanza kabla ya mwalimu.

Jina moja tu lilimshinda Tupokigwe, na halikumshinda ulimi.

Palikuwa na kile kisahani cha kioo, cha mviringo, chenye kifuniko chake. Humo hutiwa uji mwepesi unaoganda, likatiwa tone la maziwa, kikafunikwa na kuwekwa penye joto. Baada ya siku mbili tatu ule uchafu usioonekana unakuwa umeota madoadoa, na mtu anajua maziwa yale yalikamuliwa kwa mikono ya namna gani. Kisahani kimepewa jina la daktari mmoja wa Kijerumani wa zamani, na jina la daktari huyo, ukilirudisha huku kwetu, ndilo jina la baba mkwe wa Tupokigwe. Nami silitaji. Silitaji si kwa kuwa silijui, ila kila jambo lina adabu yake, na hili atalitaja mwenyewe wakati wake ukifika. Kama umewahi kukaa kanisani ukasikiliza, ni jina la yule mtume aliyemkana Bwana kabla jogoo hajawika. Hapo nimekwisha kusema mengi.

Kwa Wanyakyusa, mke hamtazami baba wa mumewe usoni. Wakikaribia kukutana njiani, mwanamke huingia majanini akageuka nyuma mpaka mzee apite. Jina lake halitaji, wala neno lililo jirani na jina hilo. Miaka hiyo Wakristo wengi walikuwa wamelegeza kamba, na wapo waliokula meza moja na wakwe zao. Lakini Tupokigwe alifundwa na marehemu mama mkwe wake, Damari, na Damari hakuwa mwanamke wa kulegeza kamba. Basi yale mafuta yanayouzwa kituoni kwenye barabara kuu, Tupokigwe aliyaita maji ya magari. Alichovishwa kidoleni siku ya ndoa alikiita kikuku kidogo. Na kanisani, somo likimfikia yule mtume, yeye alikohoa.

Wako watakaosema huo ni woga, au ujinga wa zamani. Waseme. Mimi naona hawajui heshima inavyoingia mwilini ikakaa. Mzee yule Tupokigwe hakuwahi kumwona uso, lakini alimjua kwa kikohozi, kwa hatua zake, kwa mlio wa shoka lake. Tangu mumewe, Lutengano, aende kufanya kazi kwenye kiwanda cha mbao Mafinga, kila asubuhi alikuta kuni zilizopasuliwa mlangoni pake, zimepangwa vizuri, na aliyezileta amekwisha kuondoka. Mtu anayekupasulia kuni namna hiyo humtupii jina lake hewani kama ganda la ndizi.

Kwa hiyo kile kisahani alikiita sahani ya heshima. Mbuke alipojua sababu hakuuliza tena. Akisikia "sahani ya heshima" alimpa kisahani. Wengine wakaiga, kwanza kwa utani, halafu kwa kumwonea huruma, mwisho kwa mazoea. Ikafika siku Sedekia mwenyewe akasimama mbele ya darasa akasema, "Sasa chukueni sahani zenu za heshima," kisha akajicheka na kufuta miwani. Wema wao ndio uliomponza.

*

Mtihani wa mwisho ulikuja na Bi Paskalina, Mhehe kutoka Iringa, mwanamke mrefu asiyepandisha sauti. Alikuja kuwapima wanafunzi wote, lakini pia alitafuta mtu mmoja wa chumba kipya cha kupimia maziwa kilichokuwa kikifunguliwa Mafinga. Mtu huyo angepewa kazi, na nyumba ya vyumba viwili karibu na barabara.

Tupokigwe aliposikia Mafinga moyo ulimruka. Lutengano alikuwa akilala kambini na wanaume wenzake, akija nyumbani kwa lori la mbao pale tu dereva alipomwonea huruma. Walikuwa wameoana lakini wakiishi kama walinzi wanaopokezana zamu. Na kazi yenyewe aliipenda, ya vyombo, ya majina, ya kuona kisichoonekana kinaota mbele ya macho yake. Aliitaka nafasi ile kuliko kitu chochote alichowahi kukitaka, na hakuona aibu kuitaka.

Mtihani ulifanywa kama kazi inavyofanywa. Mikono ya mpimaji ina shughuli, kwa hiyo yeye huita chombo kwa jina, mwenzake hulirudia jina, kisha humpa. Lakini safari hii aliyepokea majina hakuwa Mbuke. Alikuwa Antoni, mtu mzima mwenye kitambi, msaidizi aliyekuja na Bi Paskalina.

"Laktomita," aliita Tupokigwe.

"Laktomita," alijibu Antoni, akampa kile kipima uzito wa maziwa.

Wakaenda hivyo, pipeti, butiromita, na Bi Paskalina akaacha kuandika, akawa anasikiliza tu, maana majina yalikuwa yakitoka safi kama yamezaliwa mle ndani. Ndipo Tupokigwe, mkono mmoja umeshika pipeti yenye maziwa, akaita bila kufikiri:

"Sahani ya heshima."

Antoni hakulirudia. Akatazama meza huku na huku, akatazama kabati. Kisha uso ukamchangamka. Kwenye meza ya pembeni palikuwa na sahani ya biskuti iliyofunikwa kitambaa kilichofumwa, iliyoandaliwa kwa ajili ya wageni. Akaichukua kwa mikono miwili, akaileta, akainama kidogo.

"Karibu, dada."

Darasa lilivunjika mbavu. Mbuke alicheka, halafu akaona uso wa mwenzake akajiziba mdomo. Bi Paskalina hakucheka.

"Hii ni nini?"

Sedekia akaeleza, huku miwani iko mkononi. Bi Paskalina alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamsogelea Tupokigwe.

"Hata kwetu mkwe ni mkwe," alisema. "Wa kwangu nilimpigia magoti mpaka siku anazikwa. Lakini sikiliza, mwanangu. Chumba hiki kina tindikali. Siku chupa inachemka mkononi mwako, huna nafasi ya kueleza mtu mila za kwenu. Unaita, unapewa. Kule Mafinga hakuna Mbuke. Kuna mtu usiyemjua, na akikupa kingine, mmoja wenu ataungua."

"Nimeelewa, mama."

"Nitalala hapa. Kesho asubuhi kabla ya basi la Iringa nitakusikiliza tena. Ukikiita kwa jina lake, nafasi ni yako. Usipokiita itakwenda kwa mwingine, wala sitakuona mtu mbaya."

Laiti angemfokea. Mtu akikufokea unapata pa kushika hasira. Huyu alisema kweli tupu, na kweli haina mpini.

*

Nyumbani kwao ni Igawilo, mwendo wa kutembea tu kutoka Uyole. Jikoni alimkuta Atuganile, dada mdogo wa baba mkwe, mjane aliyekuja kukaa na kaka yake baada ya Damari kufariki. Na nyuma ya ukuta wa jiko, kwa nje, alikuwepo mzee mwenyewe. Hapo ndipo mahali pake pa jioni. Aliegemeza mgongo pale ambapo moto wa mafiga huupasha ukuta, kwa maana baridi ya huku haina mchezo. Kila neno la jikoni alilisikia, nao waliijua kila pumzi yake, na kati yao ulikuwepo ukuta wa mianzi na udongo.

Atuganile aliuliza kulikoni, na Tupokigwe akashindwa kuficha. Akasema yote, isipokuwa lile jina. Alipofika kwenye biskuti, nyuma ya ukuta mtu alikohoa kikohozi kilichofanana sana na kicheko.

Kisha sauti ikaja. "Atuganile. Muulize, hicho kitu ni cha namna gani?"

"Anauliza ni cha namna gani," alisema Atuganile, kama kwamba ukuta ulikuwa mlima.

"Mwambie ni cha kioo, shangazi. Kina kifuniko. Unaona mpaka chini."

"Anasema ni cha kioo."

"Nimesikia. Muulize kinafanya nini."

Tupokigwe akaeleza ule uji unaoganda, lile tone, zile siku za kungoja, yale madoadoa. Mzee aliuliza kama madoadoa yale yana uhai. Akauliza kama maziwa ya ng'ombe wake nayo yangeota. Akauliza huyo Mjerumani alikuwa mtu gani, na kama alikuwa na ng'ombe, na kama bado yuko hai. Maswali yalikuwa yakipita kwa Atuganile mpaka bibi wa watu akachoka, akaacha kurudia, na mzee na Tupokigwe wakaendelea, kila mmoja upande wake wa ukuta, akijifanya anaongea na Atuganile. Tupokigwe alishangaa. Miaka yote hiyo hakujua kwamba mzee ni mtu wa kuuliza hivi. Alidhani ugonjwa huo ni wake peke yake.

"Na akifaulu?" mzee aliuliza.

Atuganile alimtazama Tupokigwe kabla ya kujibu. "Akifaulu atakwenda Mafinga kwa mumewe, kaka. Kuna nyumba huko."

Nyuma ya ukuta wakamsikia akinyanyuka, akijikung'uta, na hatua zake zikaenda zao bila neno la kwaheri.

Asubuhi Tupokigwe alifungua mlango akakuta hakuna kuni.

Alisimama akitazama pale mahali patupu. Amekasirika, aliwaza. Nimelipeleka jina lake mbele za watu, wakalicheka kwa ajili ya biskuti, na sasa nataka kumwachia nyumba. Akamtafuta Atuganile, naye hakuwepo. Akajifunga kitenge akaenda Uyole mwenyewe, na njia nzima alikuwa akijiambia kwamba hatalitaja. Nafasi na iende. Mwenye kuni zake asilipwe hivyo.

*

Mbuke alimngoja mlangoni pa maabara, macho yamemtoka.

"Tupo, usiangalie upande wa dirisha. Mzee wako yuko hapo."

Alikuwepo kweli. Chini ya dirisha, kwa nje, palikuwa na benchi, na juu ya kizingiti cha dirisha ilionekana ncha ya kofia kuukuu ya kijivu, basi. Mwenye kofia alikuwa ameipa maabara mgongo, kama alivyozoea kuupa ukuta wa jiko. Tupokigwe aligeuza uso upesi, akaingia.

Ndani, Bi Paskalina amesimama, na mbele yake Atuganile na kibuyu cha maziwa. Mwanamke yule wa Iringa alikuwa amevaa koti la safari tayari, lakini hakuonekana mtu mwenye haraka.

"Kaka yangu amesema niwape haya," Atuganile alisema. "Ya ng'ombe wake. Amesema mkwe ayapimie kwenye hicho kitu. Na mengine atasema mwenyewe."

Dirisha lilikuwa wazi. Sauti ikapanda kutoka nje, ya mzee asiyezoea kusema mbele za watu, ikitafuta njia.

"Mimi ndiye Petro," ilisema. "Petro Mwakilema. Nasema ili wote msikie. Huyo binti hajaniibia jina. Nampa mimi. Maziwa hayo ndiyo ushahidi wangu, maana mtu hatoi kitu mikono mitupu. Alitumie kazini. Alitaje mbele ya watu, na asiombe radhi."

Hakuna aliyecheka. Hata Antoni alivua kofia.

Bi Paskalina akamwonyesha Tupokigwe meza. Tupokigwe akanawa mikono, akachukua maziwa ya mzee kwa pipeti. Halikumwagika hata tone. Aliufungua mdomo ukagoma. Akaufunga. Akakumbuka miguu yake ikiingia majanini, akamkumbuka Damari. Halafu akafikiri, huyu ametembea na ubaridi huu wote, amekuja kukaa kwenye benchi la watu asiowajua, ili mimi nifungue kinywa.

"Petri," aliita.

"Petri," alijibu Antoni, kwa sauti ya kanisani, akaweka kisahani mkononi mwake.

Akafanya kazi mpaka mwisho. Alipoweka kifuniko, Bi Paskalina aliandika neno kwenye karatasi yake, akaifunga kalamu.

"Mafinga watakungoja mwanzo wa mwezi," alisema. "Mshukuru mkweo."

Mbuke alipiga kigelegele akakikata katikati, kwa sababu sauti ya nje ilikuwa imekuja tena, ndogo kuliko mwanzo.

"Sema tena."

"Amekwisha kufaulu, mzee," alisema Bi Paskalina kwa upole. "Mara moja yatosha."

"Si kwa ajili ya mtihani, mama." Kofia ilitikisika kidogo juu ya kizingiti. "Sisi tulihama Rungwe. Wale niliochunga nao, waliokuwa wakiniita, wamekwisha wote. Kanisani mimi ni Mzee Mwakilema. Nyumbani ni kaka, ni baba. Marehemu mke wangu naye aliniita Baba Lutengano mpaka anakufa. Jana kwenye ukuta nilikuwa nahesabu nani alilitaja jina langu mara ya mwisho, nikashindwa kumpata. Sasa wewe unakwenda. Utalitaja huko kila siku, na ni vema, nafurahi. Lakini huko sitakusikia."

Sedekia alikuwa ameshika miwani yake bila kuifuta.

Tupokigwe alikiweka kisahani mezani. Machozi yalikuwa yakimtoka, wala hakuyapangusa, maana mikono ilikuwa na maziwa. Akageukia dirishani, akakumbuka, akageuza mgongo. Na hata hapo, na ukubwa wa jambo lile, ile tabia yake haikumwacha.

"Baba," aliuliza, "mama yako alikuwa akiliitaje?"

Barabarani lori lilipanda mlima, likapita.

"Ulimi wake haukuwa wa Kizungu," sauti ilisema. "Alisema Peteli. Alisimama mlangoni jioni, mimi niko na ndama kule bondeni, akaita hivyo, akavuta ile sauti ya mwisho."

Tupokigwe alivuta pumzi. Hakulijaribu kwanza kwa sauti ndogo kama ilivyokuwa desturi yake. Akaita kama mtu aliyesimama mlangoni, na ugali unapoa, na bonde liko mbali.

"Peteliii!"

Chini ya dirisha yule mzee akaitika, "Naam, mama."